Barabara Nayo ni Sehemu ya Ziara: Kuwasafirisha Marafiki wa Ng'ambo kutoka Mchikichini hadi Iringa



Kila mwaka, hasa kati ya mwezi wa Juni na Septemba, kamati nyingi za parokia na sharika hupokea marafiki kutoka Ulaya na Amerika. Wengi wao hufikia Dar es Salaam. Ofisi yetu hapa Mchikichini huwapokea, huwapumzisha siku moja au mbili, kisha huwasindikiza hadi mikoani kwa wenyeji wao.

Kuhusu safari hizi tunaulizwa maswali mawili mara kwa mara. Kamati za parokia hutuuliza kwa nini tunawachosha wageni siku nzima ndani ya gari. Wafadhili nao hutuuliza kwa nini gari na mafuta vinachukua sehemu kubwa ya bajeti ya ziara. Katika toleo hili tumeona vema tueleze jinsi tunavyoipanga safari ya barabara, na faida yake kwa wageni na kwa wenyeji.

Kwa ufupi, jibu letu ni hili: mradi hauanzii pale penye kibao cha mradi. Mgeni aliyeshushwa mlangoni pa zahanati huliona jengo. Mgeni aliyepita njiani huona pia saruji ilipotoka, umbali ambao mama mjamzito husafiri, na bei anayopata mkulima ambaye kamati inamtegemea achangie. Wale wanafunzi wawili wa Emau tunaosoma habari zao katika Injili ya Luka walifunuliwa mambo makubwa wakiwa njiani, kabla ya kufika nyumbani.

Kwa nini tumechagua mfano wa Iringa

Tunatumia njia ya Iringa kama mfano kwa sababu uhusiano wa makanisa katika njia hiyo ni wa muda mrefu. Tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ya KKKT na Sinodi ya Saint Paul ya Walutheri wa Minnesota, Marekani, zimekuwa na ushirika unaoitwa kwa Kiswahili "Bega kwa Bega". Sharika za huku zimeunganishwa na sharika za kule, wanafunzi wamesaidiwa kusoma, na watu wametembeleana kwa miaka mingi. Mpango wa namna hiyo hauwezi kudumu kwa kutumiana barua na fedha tu. Unadumu kwa sababu watu wamekaa pamoja, wamekula pamoja na wamesafiri pamoja.

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500. Kwa gari la kikundi lenye kusimama panapohitajika, safari huchukua siku nzima. Tangu mwaka 2024 wageni wanaweza kupanda treni ya SGR hadi Morogoro au Dodoma, nasi tunaipendekeza kwa wazee na wenye matatizo ya mgongo. Lakini kwa wenye afya, tunashauri angalau mara moja wapite kwa barabara.

Somo la kwanza liko Mchikichini

Kabla ya kuwasha gari, tunatembea nao mtaani kwa miguu. Mchikichini ni jina linalotaja michikichi, ila siku hizi watu wanaijua zaidi kwa mitumba ya Soko la Karume. Hapa mgeni hukutana na nguo kutoka nchi za kwao. Wengi wanadhani nguo waliyoitoa kama msaada hugawiwa bure kwa maskini. Kumbe nguo nyingi za namna hiyo huuzwa kwa wafanyabiashara, hufungwa katika marobota, husafirishwa kwa meli, na mchuuzi wa Karume hununua robota, au belo kama wanavyoita wenyewe, bila kujua kilichomo ndani. Akipata nguo nzuri anapata faida. Akipata zilizochakaa, hasara ni yake. Mwezi Januari 2022 soko hili liliungua, na wachuuzi wengi walipoteza mtaji wote kwa usiku mmoja.

Hatusemi haya ili kumwaibisha mgeni. Tunamwonyesha kwamba watu wa hapa ni wafanyabiashara wanaobeba hatari kubwa kwa mtaji mdogo, wala hawakai wakingoja kupewa. Mazungumzo ya msaada hubadilika sana baada ya saa moja Karume.

Tukivuka kuelekea Kariakoo, tunawaeleza pia asili ya jina hilo. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliokuwa na kambi yao hapo. Waafrika wengi sana walikufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya vita isiyowahusu. Mgeni anayelijua jina hili anaelewa kwamba uhusiano wa watu wake na wetu haukuanza na mradi wa kisima.

Tunatembea na vikundi vidogo, watu wanne au watano na mwenyeji mmoja. Kamera hukaa mfukoni hadi mwenye meza ameombwa ruhusa naye amekubali.

Barabara inayolisha Kariakoo

Tunaondoka alfajiri, saa kumi na moja, kabla ya foleni. Tunawaambia wageni swali moja la kushika njiani: vitu vinavyotumika Mchikichini vinatoka wapi? Kila kituo kina sehemu ya jibu.

*Mto Ruvu.* Baada ya Mlandizi tunavuka daraja la Ruvu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka katika mto huu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa na mto ukapungua, jiji zima liliingia katika mgawo wa maji. Mgeni aliyefikiri kwamba shida ya maji ni ya vijijini tu huanza kuuliza maswali mengine.

*Morogoro.* Hapa tunakunywa chai tukitazama Milima ya Uluguru, ambako ndiko chanzo cha Ruvu. Wakulima wa milimani wanalima kwenye miteremko ili waishi, na udongo ukimomonyoka, mto wa Dar es Salaam ndio unaoumia. Kwa hiyo anayepanda miti na kuchimba matuta ya kuzuia udongo Uluguru anamsaidia pia mama wa Mchikichini, ingawa hawajawahi kuonana.

*Mikumi.* Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takribani kilomita 50. Twiga, pundamilia, nyani na wakati mwingine tembo huonekana bila kuondoka barabarani. Mwendo una kikomo, matuta ni mengi, na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Kikundi kikitaka kuingia langoni kwenda ndani ya hifadhi, lazima jambo hilo lipangwe mapema, kwa sababu viingilio vya wageni wa nje ni vikubwa kuliko vya Watanzania, na hulipwa kwa mtandao.

*Ruaha Mbuyuni.* Katika bonde hili la mibuyu, vitunguu vimepangwa kando ya barabara, na Mto Ruaha Mkuu uko karibu. Mto huu huendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha huingia Rufiji, lilipo bwawa la Julius Nyerere lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Taa ya Mchikichini nayo ina deni kwa bonde hili.

*Kitonga.* Gari linapanda taratibu kona kwa kona nyuma ya malori ya Zambia na Kongo. Barabara hii ni ile iliyojengwa miaka ya 1960 na 1970 ili Zambia ipate njia ya bandari ya Dar es Salaam. Hapa hatuna haraka. Dereva haruhusiwi kulipita lori kwenye kona, hata kama wageni wamechelewa chakula.

*Ilula.* Tunafika kwenye nyanya. Hapa ndipo tunasimama kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ambazo tutaeleza.

Tenga la nyanya na gunia la lumbesa

Kamati nyingi huomba msaada wa mbegu, mbolea au pampu ya umwagiliaji. Wafadhili huuliza: mkulima atavuna kiasi gani? Ni swali zuri, lakini ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni: atauza kwa nani, na kwa kipimo gani?

Nyanya hazisubiri. Zikiiva zinatakiwa kufika sokoni ndani ya siku chache. Mkulima huzijaza kwenye matenga, na lori huzipeleka usiku Dar es Salaam, katika masoko kama Ilala, jirani kabisa na ofisi yetu. Sokoni mzigo hupokewa na dalali, ambaye huuza na kukata ushuru wake. Mkulima aliyebaki Ilula huambiwa kwa simu kwamba nyanya zimeuzwa kwa bei fulani. Siku ambayo malori mengi yameingia pamoja, bei huanguka, na mkulima anaweza kukosa hata nauli ya tenga.

Kwa vitunguu na viazi lipo tatizo la lumbesa. Gunia hujazwa hadi juu, kisha huongezewa kilemba kinachoshonewa kwa kamba, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo amekuwa akiipiga vita kwa miaka mingi, lakini mkulima asiye na mizani, asiye na ghala na mwenye shida ya fedha leo hii hana nguvu ya kukataa.

Tukisimama Ilula, tunamwomba mkulima awaeleze wageni mwenyewe, kwa lugha yake, nasi tunatafsiri. Hatuhitaji kuongeza neno. Mgeni ambaye asubuhi aliona tenga likishushwa Ilala, na alasiri akamwona aliyelijaza, anaelewa kwamba pampu peke yake itaongeza nyanya bila kuongeza kipato. Huanza kuzungumza habari za mizani ya kikundi, ghala la vitunguu, na wakulima kuuza kwa pamoja. Haya ndiyo mazungumzo ambayo ripoti zetu za kurasa ishirini hushindwa kuyaanzisha. Kwa sababu hiyo tunasema mafuta ya gari si gharama ya matembezi tu.

Karibu na hapo, Lugalo, upo mnara unaokumbusha vita vya tarehe 17 Agosti 1891, ambapo mashujaa wa Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Kwa wageni wa Ujerumani tunasimama hapo kwa utulivu. Wakipenda, kesho yake huenda Kalenga, kwenye makumbusho lilipohifadhiwa fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Na wakiwa Iringa mjini, tunawaonyesha Neema Crafts, kazi ya mikono ya watu wenye ulemavu iliyoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ili waone mradi unaouza bidhaa kwa bei halali badala ya kuuza huruma.

Usalama kwanza

Barabara hii huchukua maisha ya watu kila mwaka. Kamati inayoandaa safari izingatie yafuatayo bila kuona haya:

1. Gari likaguliwe siku mbili kabla: breki, matairi, tairi la akiba, taa, pembetatu za onyo, kizima moto, na bima iliyo hai. Kila kiti kiwe na mkanda, na kila mtu aufunge, pamoja na mchungaji au padre aliyekaa mbele.

2. Dereva awe na leseni ya daraja linalotakiwa, awe amelala usiku uliotangulia, na apewe chakula sawa na wageni. Dereva mwenye njaa anayewasubiri wageni wamalize kula ni hatari kwa wote.

3. Hatusafiri usiku. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, lakini magari yetu ya vikundi hayafanyi hivyo. Jua likizama tukiwa Mikumi, tunalala Mikumi.

4. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Dereva akikosea, faini inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Hatulipi fedha isiyo na stakabadhi, na wageni waelezwe hivyo mapema ili wasitoe noti dirishani kwa nia njema.

Fedha za safari

Gari, mafuta, posho ya dereva na chakula cha njiani viwekwe katika bajeti ya ziara, ambayo wageni huichangia wenyewe. Visichukuliwe katika mfuko wa mradi hata kwa kuazima. Kamati iandike mapema, mbele ya wageni, nani analipa nini.

Kwa upande wa wenyeji tuna ombi la pekee. Tunajua mila zetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mbuzi watatu na soda kreti kumi kwa ajili ya watu sita ni sare, viatu na madaftari ya watoto kadhaa. Wageni wengi wakijua hivyo hukosa raha. Ugali, mboga za shambani, kuku mmoja na maji safi vinatosha, na heshima haipungui. Inafaa pia mlo huo uliwe na watu wa kawaida wa parokia, si viongozi peke yao.

Ahadi, maombi na picha

Njiani mgeni hukutana na shida nyingi, na moyo wake huguswa. Akiahidi karo kwa mtoto wa kwanza aliyemwona, atawaacha mia moja wengine wakiuliza kwa nini si wao. Tumekubaliana hivi: hakuna ahadi inayotolewa wala ombi binafsi linalopokelewa ndani ya ziara. Mwenye jambo alipeleke kwenye kamati. Kamati nayo isiwatume watu kumfuata mgeni chemba na bahasha. Wazee wa kanisa wanaofanya hivyo huharibu imani iliyojengwa kwa miaka.

Kuhusu picha, mtoto asipigwe picha bila ridhaa ya mzazi. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nasi tunaiheshimu hata katika jarida hili. Majengo ya Serikali na kambi za jeshi yasipigwe picha kabisa.

Kwa marafiki wanaojiandaa kuja

Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi, hata ya kujitolea. Anayekuja kutibu, kufundisha au kujenga atuandikie mapema ili vibali vishughulikiwe. Msije na mifuko ya plastiki, kwani imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Mwenye kupitia nchi yenye homa ya manjano awe na cheti cha chanjo. Dawa za kuzuia malaria mziulize kwa daktari wenu kabla ya kuondoka. Kalamu, mipira na nguo za zawadi zinapatikana Kariakoo, na mkizinunua hapa mtakuwa mmemwinua mchuuzi pia.

Baada ya kurudi

Safari haijakamilika hadi pande zote mbili zimekaa na kusema zilichojifunza. Tunaomba kila kamati itenge saa mbili siku ya mwisho kwa kazi hiyo, na iandike ukurasa mmoja. Wageni waandike wa kwao.

Tena tunawakumbusha wafadhili kwamba kutembeleana ni kwa njia mbili. Mkulima wa Ilula au mama wa Karume naye anafaa kupanda gari kwenu, aone mashamba yenu, masoko yenu na wazee wenu wanaoishi peke yao. Viza za kuja kwenu ni ngumu na ni ghali, hivyo tunahitaji barua zenu za mwaliko mapema na uvumilivu wenu.

Kamati zinazotarajia wageni zituletee majina, tarehe za kuwasili na idadi ya watu angalau miezi mitatu kabla, pamoja na jina la mtu mmoja atakayewajibika kwa fedha za ziara. Dereva, ratiba ya vituo na fomu ya bajeti vinapatikana ofisini.

Mungu awalinde wote walio safarini.